Darubini Nyepesi Kuliko Zote

Handsworth, Birmingham
Juni 2006

Kwa Mjomba Azizi,
Mkuu wa Wasasi,
Handeni, Tanga.

Shikamoo Mjomba,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DARUBINI YA BUNDUKI, NYEPESI NA YA KUAMINIKA

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu ile Jumapili ulipozungumza na Mama kwa simu ukiwa juu ya dungu la kulindia shamba. Ulikuwa unamweleza habari za mahindi, ukakatiza, ukanong'ona, "Nunu, subiri, nimemwona." Ukaitia simu mfukoni bila kuizima. Tukasikia bunduki, na papo hapo, nyuma ya bunduki, tukasikia tang'. Mlio mwembamba, wa bati, ulioning'inia hewani kama kengele ya shule. Kisha ukarudi kwenye simu ukatuarifu kwamba umempata nguruwe ubavuni, ila amekimbia.

Mama alifurahi sana. Mimi nilibaki na kikombe cha chai mkononi, nikiwaza. Mjomba, huu ni mwaka wangu wa tatu wa kusomea macho, na nakiri kwamba nguruwe hatufundishwi. Lakini sidhani kama wanalia hivyo wakipigwa.

Jioni ileile ukaomba utumiwe darubini ya kufunga juu ya bunduki, iwe nyepesi na ya kuaminika, kwa kuwa bunduki imeanza "kukosa adabu". Mama akaniambia kwamba tangu aje Uingereza kaka yake hajamwomba kitu, hata soksi, na kwamba mimi ndiye ninayejua mambo ya vioo. Kazi nikapewa. Nimeifanya kwa moyo wote, na katika kuifanya nimekusanya malalamiko, ambayo sasa nayaleta mbele yako kwa utaratibu. Namwomba binamu yangu Saleha, anayekusomea barua hii kwa sababu miwani yako imepotea tena, asiruke namba hata moja, hata kama baba yake atakohoa.

1. Nalalamika kuhusu uzito. Muuzaji wa duka la bunduki ni Gurmeet, kijana wa Kisingasinga anayekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliniwekea mezani darubini tatu. Ya kwanza ilikuwa na kioo kipana cha kukusanya mwanga wa jioni, lakini ukiibeba kutwa utafikiri umebeba mchi wa kinu. Ya pili ilikuwa na gurudumu la kuvuta karibu na kusukuma mbali, na kila kinachozunguka, Gurmeet alisema, siku moja hukataa kuzunguka. Ya tatu ilikuwa fupi, uzito wake haufiki machungwa mawili, inakuza mara nne tu na haina cha kuzungusha. Hiyo ndiyo wanayonunua watu wanaowinda kwa miguu. Nikaipenda. Nikadhani kazi imekwisha, nikasahau kwamba una sharti la pili.

2. Nalalamika kuhusu kuaminika. Nilielezwa kwamba teke la bunduki kubwa huweza kuiharibu darubini dhaifu ndani kwa ndani. Kwa nje utaiona nzima, inang'aa, imesimama imara mahali pake pa heshima, kumbe ndani kioo kimehama na kila inachokitazama inakiona kando. Ubaya wake ni kwamba darubini yenyewe haijui. Mjomba, sikumtaja mtu. Hayo ni maneno ya Gurmeet, na Gurmeet hakujui.

3. Uliuliza kama ipo isiyo na msalaba wa kulengea ndani, kwa kuwa umesikia kwamba zote zina msalaba na wewe ni mtu wa swala tano. Nilimuuliza Gurmeet swali hili mbele ya wateja. Akaita baba yake, Mzee Balwinder, atoke chumba cha nyuma alisikie mwenyewe. Mzee Balwinder alilifikiria kwa adabu kubwa, kisha akasema ipo yenye nukta. Nukta haina dini. Nimeona nikufikishie.

4. Hapa nalalamika kwa niaba yangu mwenyewe. Unajua hali ilivyo tangu mwaka jana, baada ya yale mabomu ya London. Sasa fikiria binti aliyevaa ushungi, peke yake, anasukuma mlango wa duka la bunduki na kuomba kwa sauti ya upole kitu chepesi, cha kuaminika, kinachoona vizuri magharibi. Duka zima liligeuka kunitazama. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mbwa. Hata mbwa aliketi. Nikaharakisha kueleza kwamba si yangu, ni ya mjomba wangu aliye nje ya nchi, nikagundua kwamba katika lugha ya Kiingereza hakuna maelezo yanayoharibu mambo kuliko hayo. Gurmeet ndiye aliyeniokoa. Aliwaambia kwamba mimi ni mtoto wa Mama Nunu, yule anayemtunza bibi yao kina Gurmeet, na kwamba mjomba wangu analinda mahindi. Baadaye akaniambia, huku akirekebisha kilemba chake, kwamba yeye siku hizi hapandi basi akiwa na begi mgongoni.

Kisha akanitaka niijaribu ile fupi mlangoni. Niliielekeza ng'ambo ya barabara, nikamwona mtu kituoni anakula sambusa. Ni darubini nzuri, Mjomba, nakiri. Niliziona hata njegere. Kwa bahati mbaya naye aliinua macho akaniona. Aliiweka sambusa juu ya benchi, polepole, akainua mikono. Nikampungia. Hakupunga.

5. Niliulizwa tunampikaje nguruwe. Nikajibu hatumli. Nikaulizwa basi tunauza. Nikasema hatuuzi, tunachukua mkia tu, unatundikwa mlangoni kwa mkuu wa wasasi ili watu wajue, na aliyeushika huenda kuoga. Mzee Balwinder alisema amewauzia watu vitu hapa tangu ujana wake, na wote walitaka nyama au walitaka pembe, lakini hajapata kuona watu wanaohangaika hivi kwa ajili ya kuoga. Silalamiki kwamba alicheka. Nalalamika kwamba alisema kweli.

6. Sasa ukungu. Umemwambia Mama kwamba tangu mwaka jana ukungu wa Handeni hauondoki hadi adhuhuri, na ndiyo maana unataka darubini isiyoingia ukungu. Nimeuliza. Darubini nzuri hujazwa hewa maalumu na kuzibwa, ukungu hauwezi kuingia ndani yake hata ukiitumbukiza mtoni. Nikafurahi kwa ajili yako. Lakini kwa kuwa nimefundishwa kuthibitisha, nilimwandikia Saleha ujumbe wa simu kumuuliza kuhusu ukungu huo. Amejibu kwamba kwenu ni jua tangu alfajiri, na kwamba ukungu huo anauona baba yake peke yake. Zaidi ya hayo, katika picha ya Idi mliyotutumia, jicho lako la kulia, lile la kulengea, lina weupe katikati kama tui la nazi. Mama anasema ni mwanga wa kamera. Mjomba, mwanga wa kamera hauchagui jicho.

7. Uliniambia kwa fahari kwamba vijana wa siku hizi wamepata adabu. Zamani ukinyanyua bunduki walikuwa wanasimamasimama na kupiga soga, lakini sasa, kwa kuwa desturi inampa mkuu risasi ya kwanza, wote hulala chini kifudifudi mpaka umalize. Ukasema hujawahi kuheshimiwa hivi.

Saleha, hapa soma taratibu.

Mjomba, si heshima. Wanalala kwa sababu hawajui utapiga wapi. Hakuna hata mmoja anayeweza kukwambia, kwa kuwa wewe ndiye uliyewafundisha kushika mkuki, na mwanafunzi hamwambii mwalimu wake kwamba haoni. Kwa hiyo wamechagua nyasi.

8. Na kile kilicholia tang' kilikuwa debe la Issack, jirani yako. Alikuwa anakwenda kisimani nalo likiwa tupu begani. Kamba ya kandambili yake ikachomoka, akalitua debe juu ya kichuguu, akainama kuirudisha. Debe likabaki pale juu, likashika zamu ya kichwa chake, na risasi ikalipata. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini nadhani walikuwa wanazungumzia madebe yasiyopigwa risasi. Issack hakusema kitu kwako. Alikwenda mjini akanunua debe jingine. Saleha anasema siku hizi akienda kisimani huimba kasida kwa sauti ya juu njia nzima, na watu wanamsifu kwa ucha Mungu.

Baada ya kuyapima haya yote, nimekuandalia mapendekezo. La kwanza, nguruwe wote wa wilaya wapakwe chokaa. Najua ni kazi, lakini ukiweza kuwakamata wakae kupakwa, huenda hata bunduki isihitajike. La pili, majirani wote wajifunze kasida. Wanawake waimbe asubuhi, wanaume jioni, na asiye na sauti nzuri asichote maji. La tatu, wasasi wachimbe handaki la kudumu, kwa kuwa kulala kwenye nyasi kunawaharibia mashati. La nne ni hili ambalo limeninyima usingizi, na linatokana na sharti lako mwenyewe.

Ulitaka nyepesi. Nikasema basi niitafute iliyo nyepesi kuliko zote. Nikaiweka akilini ile ya machungwa mawili, nikaanza kuipunguza. Nikatoa bomba, kwa sababu bomba linabeba vioo tu. Nikatoa skrubu, kwa sababu bomba halipo. Nikatoa nukta, kwa sababu wewe ulikuwa unalenga bila nukta kabla sijazaliwa. Kikabaki kioo kimoja, kidogo, cha uzito wa punje ya mchele. Hakina msalaba. Teke la bunduki halikihamishi. Ukungu hakiujui. Unaweza kukivaa mbele ya bwana mwenye mbwa na asikushuku, unaweza kuswali nacho, kuoga nacho, na hakuna atakayekiazima. Kina kasoro moja tu, kwamba hakifungwi juu ya bunduki. Hospitali ya macho kule Moshi wanakiweka ndani ya jicho, mahali pa kile chako kilichogeuka tui, na wanamaliza kabla chungu cha maharage hakijaiva.

Ndiyo, Mjomba. Ni mtoto wa jicho. Si uzee, wala si bunduki kukosa adabu. Watu hutolewa wakarudi mashambani kwao, na mkuu wa wasasi akitolewa, ninavyoelewa mimi, bado ni mkuu wa wasasi. Kinachoweza kukuondolea ukuu ni debe la pili.

Hata hivyo mimi ni mtoto mdogo, na mpwa hamwamuru mjomba wake. Uamuzi ni wako peke yako. Chukua muda wote unaoutaka, hata mpaka mavuno yapite. Ninachotamka rasmi ni kwamba katika mji huu wote wa Birmingham, uliotengeneza bunduki kabla babu zetu hawajaziona, hakuna darubini inayokufaa, kwa hiyo sijanunua na sitanunua.

Nisalimie Mama Zeinab mkeo, umwambie kanga alizotuma zimefika na Mama amezigombania na nafsi yake. Nisalimie wasasi wote, waliosimama na waliolala. Nisalimie mbwa wako, ambao nasikia wao wanasimama nyuma yako bila kufundishwa. Mpe Issack salamu za pekee.

Ni mimi mpwa wako, mtiifu kwa kadiri ya uwezo wangu,

Asmahan

Tanbihi: Mjomba, hapa Saleha anaacha kusoma na kukupa karatasi mkononi. Kaa mlangoni, penye mwanga. Nimeandika kwa wino mweusi na herufi za kawaida, zilezile ulizokuwa ukinisomea hadithi nilipokuwa mdogo.

Kama umefika mstari huu bila msaada, basi yote niliyoandika hapo juu ni upuuzi wa mtoto aliyesoma kupita kiasi, nami nakuomba radhi, wewe pamoja na ukungu wa Handeni. Darubini nimeinunua. Ni ile fupi, yenye nukta. Ussi aliyekuletea barua hii ndiye aliyeileta, na Saleha anayo sandukuni. Mwambie akupe sasa hivi.

Na kama umeishika karatasi muda wote huu ukilalamika kwamba mwanga hautoshi, Saleha ataichukua aendelee. Kile chuma cha kukokea bunduki, unachokitafuta tangu Ijumaa ukiwalaumu wajukuu, anacho yeye. Nilimpigia simu kabla sijaandika mstari wa kwanza, naye akakichomoa ulipokuwa msikitini, kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mpwa hana wizi kwa mjomba. Chuma na darubini utakabidhiwa pamoja, siku utakayoisoma tanbihi hii peke yako. Mama amekwisha zungumza na daktari wa Moshi, na siti zenu zimekatwa, basi la Jumatatu asubuhi. Issack ameomba akusindikize. Anasema amefikiri sana, na ameona mahali salama pa kukaa ni ubavuni pako.