Hotuba ya Kukabidhi Nywila Mpya ya Orodha ya Trekta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniteua mimi nimwakilishe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wakulima na Wafugaji wa Bonde na Mlima, ambaye pia ni mimi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati ya Trekta, na wa Kamati Ndogo ya Kufuatilia Kamati ya Trekta, wazee wetu mliokaa mbele kwenye viti vya kuazima, wachungaji, katekista, na shehe wetu kutoka Dongobesh, wafanyabiashara wa Katesh mliofunga maduka kwa ajili ya tukio hili, dereva wetu Lukasi, uliyekaa juu ya trekta hapo pembeni ukisubiri maelekezo, kwaya, wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmeona turubai mkaja, mabibi na mabwana: shikamooni wazee. (Marahaba.) Bwana Yesu asifiwe. (Amina.) Asalaam aleikum. (Waaleikum salaam, kutoka kwa watu watatu.) Umoja! (Nguvu.) Hiyo nguvu imelala, ni nguvu ya watu ambao hawajanywa chai. Umoja! (Nguvu.) Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa itazingatiwa kwenye kikao kijacho.

Ndugu zangu, kama mnavyojua, na kama hamkujua basi ndiyo mmejua sasa, Umoja wetu una trekta moja, lililotumika lakini lenye heshima zake, tulilolitoa kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, na una wanachama mia moja themanini na wanne, kuanzia baridi ya Tlawi mpaka Maretadu. Zamani zamu ya kulimiwa iliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikaa kabatini kwa mama Marieta, na mtu aliyetaka kuruka foleni ilimbidi aende nyumbani kwake, amwamkie, akae, anywe uji, kisha amtazame mama Marieta usoni na kumweleza shida yake, jambo ambalo wote ni mashahidi kwamba liliwashinda wengi. (Kicheko. Mzee mmoja anaangalia chini.) Huo ulikuwa mfumo duni, wa kizamani, usio na vipimo vya utendaji, na ndiyo maana uongozi wangu, wenye maono, wenye uthubutu na wenye kuona mbali hata kukiwa na ukungu, ulilistaafisha rasmi daftari lile na kuhamia dijitali.

Mwalimu Gidion wa hisabati, mnamfahamu, yule pale amejishika kichwa, ndiye aliyetuletea programu ya bure kutoka mtandaoni, akaiweka kwenye kompyuta ya ofisi yetu wenyewe, ili mwanachama popote alipo afungue simu na kuona zamu yake, na Lukasi naye kila asubuhi afungue simu aone aende kwa nani. Programu hiyo ilikuja na mtumiaji mkuu anayeitwa admin, na nywila yake, yaani lile neno la siri la kufungulia, nayo ikawa admin. Siku ile ile, tukiwa bado tumesimama, mwalimu aliniambia kwamba kila anayeipakua programu hii duniani anapewa nywila hiyo hiyo, kwamba wezi wa mitandaoni wanaijua kuliko wanavyojua majina ya watoto wao, na kwamba niibadilishe kabla ya kufanya kitu kingine chochote, kazi ya dakika moja. Sasa nawauliza, jambo la dakika moja lina hadhi gani? Jambo lisilo na kikao, lisilo na mgeni rasmi, lisilo hata na soda, utalisimamia vipi? (Makofi kutoka meza kuu.) Mwalimu akarudi mara ya pili, nikamwelekeza alete kwa maandishi. Akaleta kwa maandishi, nikamwelekeza alete nakala tatu. Akaleta nakala tatu, nikampongeza kwa utii.

Wakati huo huo, kwa kuzingatia dhana ya uwazi na uwajibikaji, nilielekeza jina na nywila viandikwe kwa rangi ya bluu kwenye mlango wa ofisi, chini ya yale maneno yasemayo karibu tukuhudumie, ili mwananchi wa kawaida asisumbuke kuuliza. Sijawahi kusikia ofisi nyingine yoyote yenye uwazi wa kiwango hicho.

Na mafanikio hayakuchelewa. Ndani ya wiki sita orodha yetu ya trekta imebadilishwa mara elfu moja mia mbili na kumi na moja, ukilinganisha na daftari la mama Marieta, ambalo kwa miaka minane lilibadilishwa mara nne, tena kwa kufiwa. (Minong'ono.) Tumetembelewa na watumiaji kutoka nchi kumi na saba, nyingine sijui kuzitamka, kwa hiyo naweza kusema kifua mbele kwamba trekta letu sasa ni trekta la kimataifa. Wageni hao hawakuja mikono mitupu. Wametuwekea kwenye ukurasa wetu matangazo ya kubeti na ya dawa ya kuotesha nywele, na nafahamu kuna mzee wa Maretadu aliyefunga safari mpaka ofisini kuuliza kama siku hizi ili kulimiwa lazima kwanza ubashiri mpira. Nilimjibu kwamba suala lake limepokelewa.

Changamoto ndogo ndogo hazikosekani, penye wengi pana mengi. Kuna mtu, hajafahamika, aliyeingia akaandika kwamba zamu ni ya Yaeda Chini, na Lukasi, kijana mtiifu, akapeleka trekta Yaeda Chini, kwa watu wa mifugo wasiokuwa na hata tuta moja la kulima, likazama kwenye tope siku mbili, mpaka wenyeji wakaleta maksai sita wakalivuta. (Kicheko kirefu.) Msicheke. Huo ulikuwa ushirikiano wa sekta mbili, kilimo na mifugo, na upo kwenye ripoti yangu ukurasa wa kumi na tisa. Kuna wengine wanasema shamba langu mimi limelimwa mara mbili. Ni kweli limelimwa mara mbili, mara ya kwanza kwa zamu na mara ya pili kwa majaribio ya mfumo, na majaribio yalifanikiwa sana.

Hapa nimwongelee mama yetu Scolastica wa Tlawi, aliyesimama pale na kitenge cha kijani, kwa sababu naona ameinua mkono tangu nilipoanza na sisi si viongozi wa kupuuza mkono. Mama huyu kwenye daftari alikuwa namba tatu. Tulipohamia dijitali akaingia namba tatu, haki bin haki. Asubuhi yake akawa namba tisa, jioni ishirini, na mpaka leo, wakati wa kwanza na wa pili wamelimiwa siku nyingi na mahindi ya majirani zake yanafika magotini, yeye ni namba mia moja na kumi na mbili. Alikuja ofisini mara tano. Aliniambia mvua za kupandia hazimsubiri mtu, kwamba ghalani amebakiza debe mbili, kwamba mumewe hayupo na jembe la mkono haliwezi ekari tatu za udongo ule, na kwamba asipopanda ndani ya wiki hii mwakani atawaombea wanawe unga kwa watu. Niliguswa. Niliguswa sana, nikaandika neno "imeguswa" kwenye faili lake.

Ndipo nikaunda Mradi Mkakati Jumuishi wa Kubadilisha Nywila, kwa kifupi MMJKN, wenye stekiholda, wenye andiko, wenye nembo, na kabla ya utekelezaji tukafanya ziara ya mafunzo Katesh, kwenye duka la simu la Bwana Hatibu, ambaye alitupokea kwa kahawa na kashata. Tulimwomba atuonyeshe namna wenzetu walioendelea wanavyobadilisha nywila. Akachukua kile kikasha chake cha kugawia intaneti, akabonyeza, akaandika, akasema tayari. Wajumbe tukatazamana. Hatukuwa hata tumefungua madaftari. Tulimshukuru, tukamshauri kwamba siku nyingine utaratibu wake uwe shirikishi zaidi, kwa sababu kwa kasi ile wadau wanaachwa nyuma. Bwana Hatibu akaniuliza, kwa heshima zote, kwa nini nisimruhusu abadilishe na ya kwetu pale pale kwa kutumia simu. Nikamjibu kwamba nywila ya umma haibadilishwi dukani kama laini ya simu, nywila ya umma inazinduliwa.

Na ndiyo sababu tumekusanyika hapa. Wajumbe, leteni ubao. Taratibu, ni futi nane huo, shikeni pande zote mbili. Kama mlivyozoea kuona viongozi wakikabidhi hundi ya mfano, kubwa, inayoonekana hata na mtu aliyekaa mbali, sisi leo tunavunja rekodi kwa kukabidhi nywila. (Vigelegele. Kitambaa kinafunuliwa.) Someni wote kwa pamoja. MaendeleoKwaWote, herufi kubwa ya M, ya K na ya W, bila nafasi, mwishoni namba moja. Wenye simu pigeni picha, msambaze kwenye makundi yenu, tusije tukasikia mtu wa Maretadu anasema yeye hakushirikishwa. Mwalimu Gidion, mbona unaondoka? Mkalisheni mwalimu.

Namwalika mama Scolastica aje aipokee nywila hii kwa niaba ya wanawake wote wa ukanda wa juu. Mama, simama hapa, tazama kamera, mkono wako uguse herufi M. Unafanya nini na simu, mama? Aah, anaijaribu. Mnaona wananchi wanavyoupokea mradi. (Watu wanasogea mbele.) Imekataa? Jaribu tena, angalia herufi kubwa. Imekataa mara ya pili. Sasa hapo, ndugu zangu, naomba nitoe ufafanuzi wa kitaalamu, kwamba tunaposema nywila ya mfano maana yake ni mfano, kama vile ile hundi kubwa huwezi kuipeleka benki, hata mlangoni haipiti. Hii ni kwa ajili ya picha. Ile yenyewe ya ndani bado iko kwenye mchakato.

Unasemaje, mama? Umeandika ile ya mlangoni? Imefungua. (Kelele. Mwenyekiti anagonga maiki.) Tulieni. Nimesema tulieni. Mama Scolastica, nakuonya mbele ya halaiki hii kwamba kubadilisha orodha bila muhtasari wa kikao ni kosa, na kwamba kila mtu akijiweka wa kwanza tutafika wapi? Jibu kwenye maiki, wote wasikie.

(Mama Scolastica, kwenye maiki: "Shikamooni wazee. Mimi sijajiweka wa kwanza. Nimejirudisha wa tatu, pale mama Marieta aliponiandika.")

(Makofi, yanaanzia nyuma.)

Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya uongozi. Lukasi, nakuona umefungua simu, funga simu. Lukasi, wa kwanza na wa pili wameshalimiwa, kwa hiyo kihesabu anayefuata ni nani, hilo ni jambo la kamati. Lukasi, maelekezo yangu ni kwamba, (trekta linawashwa) maelekezo yangu ni kwamba, kama hunisikii nionyeshe kwa mkono. (Lukasi anapunga mkono. Trekta linaelekea barabara ya Tlawi. Watu wanalifuata, wajumbe walioshika ubao wakiwemo.)

Naona baadhi yenu mnatoka kwa pamoja, bila shaka kwenda kujionea matokeo ya mradi shambani, na hilo ni jambo jema japo halikuwa kwenye ratiba. Naendelea. Nywila salama! Mkinijibu semeni taifa salama. Nywila salama! (Kwaya, wawili waliobaki: Salama.) Dijitali kwa kila kaya! (Hakuna jibu.) Orodha moja, trekta moja, mwenyekiti mmoja! (Mbwa anabweka.)

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru mtaalamu mwelekezi wa mradi, ambaye hatujampata. Naishukuru Kamati Ndogo ya Nywila, ambayo wajumbe wake tutawateua tukipata karatasi. Namshukuru fundi aliyepaka ubao, kwa sababu kusema kweli katika mradi huu yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi. Nawashukuru nyote, mlioondoka na mliobaki, na wewe mwandishi wa muhtasari, kabla nawe hujavaa buti, andika kwamba Mradi Mkakati Jumuishi wa Kubadilisha Nywila umekamilika kwa asilimia mia moja, isipokuwa kubadilisha nywila. Mungu awabariki. Asanteni sana, na tafadhali mmoja wenu arudi anishikie ubao upande wa pili, mimi peke yangu siuwezi.