Seva ya Mkurugenzi

Bodi ya Mpira wa Kompyuta ya Uwanda wa Ufipa iliutangazia umma, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu, kwamba uonevu katika michezo ya mtandaoni umekomeshwa rasmi mjini Sumbawanga na viunga vyake. Wananchi waliombwa kushangilia kwa utulivu.

Katibu wa Bodi, Ndugu Cleophas, ndiye aliyeliandika tangazo hilo, na aliona limekuja wakati mwafaka. Zama hizo kila kitu kilikuwa kimeachiwa soko huria: mahindi, redio, hata viatu vya mitumba. Kilichosalia mikononi mwa wenye dhamana ni mpira wa kompyuta tu, na Bodi haikuwa tayari kuuona nao ukiponyoka.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Wachezaji waliunganishwa kompyuta kwa kompyuta, na mchezo wote ukaendeshwa na mashine ya mmoja wao. Kwa heshima, mashine hiyo ilikuwa ya Zenon, Mkurugenzi wa Bodi, ofisini kwake. Yeye akibonyeza, mpira unatii papo hapo. Wenzake, walioketi kwenye intaneti kafe upande wa pili wa mji, wakibonyeza, amri yao inasafiri kama barua ya posta. Ikifika, Mkurugenzi ameshafunga na anakoroga chai. Mara chache alizozidiwa, alizima kompyuta na mechi ikafa kwa wote. Kumbukumbu za Bodi zilionyesha kwamba hajawahi kushindwa.

Sasa bingwa wa Rukwa alitakiwa Mbeya, kwenye fainali za kanda. Kristiana, binti wa wakulima wa ulezi wa Pito, aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Akaja ofisini na Bundala, mpinzani wake, kijana wa wafugaji wa Muze.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Malalamiko ni kwa maandishi."

"Haya ni mafupi, mzee," akasema Kristiana. "Tunataka seva maalumu. Mashine ya pembeni, isiyochezewa na mtu. Sote tuunganishwe nayo, tukichelewa tuchelewe sawa."

"Sasa hivi ni kesi ya nyani, hakimu ngedere," akadakia Bundala.

"Ngedere ni nani?"

"Methali tu, mzee. Poa tu."

Cleophas hakuwa mtu wa hisia. Alipima hoja, akaiona ni sahihi, akaandika kanuni: seva ndiyo mamlaka ya mwisho ya mchezo, wachezaji wote wataripoti kwake, haizimwi mechi ikiendelea, mwenye seva hashindani. Akazipeleka kwa Mkurugenzi na kumsomea zote kwa sauti.

"Wote wataripoti kwa hiyo mashine?" akauliza Mkurugenzi.

"Wote, mkubwa."

"Hata mimi? Mimi na huyo mchunga ng'ombe, foleni moja, tunasubiri kompyuta ituamulie?"

"Kwa mujibu wa kanuni."

Mkurugenzi akavua miwani. "Haiwezekani. Andika seva ni yangu."

"Mkubwa, mwenye seva hashindani."

"Na nani atathubutu kushindana na mamlaka ya mwisho? Andika!"

Cleophas akaandika, bila kufuta kanuni yoyote. Mkurugenzi akatia sahihi, na mhuri ukagongwa.

Siku ya mashindano Mkurugenzi alikaa mbele ya mashine yake, ambayo sasa ndiyo seva, akiwa na tai mpya. Kila alipobonyeza, hakuna mchezaji aliyesogea. Kristiana na Bundala walikuwa wakikimbizana kwenye kioo, sawa kwa sawa, na hata kule ofisini zilisikika kelele za kafe kupitia simu ya Katibu: "Mkabe huyo, mshikaji! Mkabe!"

Kristiana alipofunga la pili, mkono wa Mkurugenzi ulienda taratibu kwenye swichi. Cleophas akasimama katikati, kwa adabu kabisa.

"Seva haizimwi, mkubwa. Ni amri yako."

Mkurugenzi akarudisha mkono. Filimbi ya mwisho ikalia, na simu ikajaa vigelegele.

"Kwa hiyo huyu binti ndiye anakwenda Mbeya?"

"Ndiye."

"Na mimi nina mangapi?"

Cleophas akaangalia kioo kwa makini, kwani hakupenda kutoa taarifa isiyo na uhakika.

"Huna goli, mkubwa. Una mamlaka."