Asmini Kwenye Mstari Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Zabibu nyeupe zimeanza kung'aa. Nililala chali chini ya mizabibu nikatazama jua kupitia kichala. Mbegu zilionekana ndani, kama samaki wadogo waliosinzia. Bibi alimpa kila mjukuu mstari mmoja wa mizabibu. Wangu unapakana na wa binamu yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu hukohoa kabla ya kusema. Ijumaa shangazi, anayetengeneza mvinyo hapa kiwandani, atachagua mstari bora kwa ajili ya pipa dogo la mvinyo maalumu. Mwenye mstari huo atamsaidia kwenye chumba cha kuonjea likizo nzima. Kunusa tu, si kunywa, alisisitiza, akimkodolea macho Profesa. Sitaki kitu kingine duniani.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza shangazi kuhusu zabibu zetu. Ngozi yake ni nyembamba, akasema, na zina tabia ya mtoto wa jirani: hubeba kila zinachokikuta. Mwaka fulani mtu alichoma majani karibu, mvinyo wote ukanuka moshi. Hapo sikusikiliza sana, nilikuwa nimeshawaza asmini. Nimetundika mashada mstari mzima. Profesa akakohoa, akauliza harusi ni ya nani.

Jumatano, 5 Machi
Harusi ni ya nyuki. Wamekuja ukoo mzima, wanavuma kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Wakichoka na maua wanahamia kwenye zabibu zilizopasuka. Profesa ameumwa sikio, anasema mimi ni balaa. Nimempa pole. Limevimba vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa imepatikana! Nyuki huogopa moshi. Nimekusanya majani makavu, nikawasha chini ya mstari wangu. Moshi wa buluu ukapanda taratibu, ukaifunika mizabibu yangu peke yake kama shela. Nyuki wakaondoka kwa heshima zote. Jioni nzima nimejiona mwerevu.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi alikamua zabibu zangu kwenye glasi. Akanusa, akafumba macho. Akauliza kwa upole, mwanangu, ulikuwa unachoma nini humu? Profesa hakukohoa, alicheka moja kwa moja. Mstari wake ndio umeshinda. Una harufu ya asmini, shangazi kasema, kwa mbali sana, wala hajui imetoka wapi.

Jumamosi, 8 Machi
Profesa ananusa. Mimi naosha mapipa. Ndani ya pipa tupu sauti yangu hurudi nzuri kuliko ilivyotoka. Nimekaa humo muda mrefu nikilitafakari kosa langu, na nimelipata: ni yale majani. Mwakani nitachoma mdalasini.