Handaki la Watoto Wadogo

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia Jumatatu jumba la makumbusho litakuwa rafiki kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Kamati ya watu kumi na mmoja ilikuwa imelishughulikia suala hilo kwa vikao tisa na, ili kulinda utulivu wa vikao, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusogea karibu.

Mwongozaji wa wageni aliambiwa bila kumung'unya maneno: watoto wasipokaa nusu saa nzima, kitengo cha watoto kinafungwa na yeye anahamishiwa stoo ya vyungu vilivyovunjika. Aliipenda kazi yake, na stoo ile haikuwa na hata dirisha. Jumatatu hiyo alifika roho mkononi.

Wakaja watoto ishirini na wawili na mwalimu wao. Walisomewa Kanuni za Kufurahi, kurasa nne. Kufikia ukurasa wa pili, wawili walikuwa wamelala fofofo.

"Dada, nataka kukojoa," alisema wa tatu.

"Tatizo ni kwamba hawajapitishwa kwenye handaki," Mkurugenzi alimweleza Mkaguzi kutoka wizarani.

Handaki lenyewe lilikuwa la mbao, fahari ya kamati. Mtoto anatambaa, anaibukia mbele ya ngoma kubwa. Upana wake ulipitishwa kwa kura.

"Bosi, labda tuwaache wenyewe..." alisema Mwongozaji.

"Mama, mwenyekiti wa kamati ni mimi. Lazima waonyeshwe."

Mkurugenzi akavua koti, akatanguliza kichwa. Mabega yalipita kwa taabu. Tumbo likagoma.

Msichana mmoja akamvua kiatu.

"Soksi yake ina tundu!"

Ukumbi ukalipuka. Wengine walikimbilia upande wa kichwa kumuuliza anakula nini. Wengine wakashika miguu na kuvuta, moja, mbili, tatu! Waliolala waliamka. Mwongozaji akawapanga kwa zamu ili kila mmoja apate kuvuta, huku furaha imemjaa hadi anaona haya. Kutoka handakini, Mkurugenzi aliagiza jambo hilo lisiingizwe kwenye taarifa.

Saa moja na nusu ilipita. Seremala alipofika na msumeno, watoto walimlilia aende zake.

Mkaguzi aliandika: *Onyesho shirikishi. Liendelee.* Akagonga muhuri, kisha akamgeukia Mwongozaji.

"Hili mnalionyesha mara ngapi kwa siku?"

Mwongozaji alimtazama bosi wake, aliyekuwa akijipangusa vumbi la mbao magotini.

"Mara mbili, mheshimiwa," alijibu. "Jumamosi, mara tatu."