Chuo cha Vioo na Chuo cha Bati

Jumatatu, 8 Septemba. Rhotia.

Nimechaguliwa! Udaktari! Tena si chuo kimoja, ni viwili. Ujumbe nimeusoma mara sita nikiwa nimesimama juu ya tenki la maji, maana chini mtandao haushiki. Jirani akaniuliza kama naziba tundu. Watu wengine hawana upeo.

Chuo cha kwanza kipo Dar. Nimezitazama picha zake zote. Jengo ni vioo kuanzia chini mpaka juu, lifti mbili, viyoyozi, mgahawa wenye viti vyekundu. Nakiita Chuo cha Vioo. Cha pili kipo milimani huko kusini, ubavuni mwa hospitali ya misheni. Picha zake ni nne tu. Mbili ni paa la bati. Moja ni shamba la kabichi. Ya mwisho ni wanafunzi wamevaa gambuti wamemzunguka mgonjwa kitandani. Gambuti wodini! Hicho ni Chuo cha Bati. Ada ya Vioo ni mara tatu ya Bati, na ndivyo inavyostahili. Kizuri kina gharama.

Natakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya Jumamosi saa sita usiku. Nimetumiwa namba ya siri kwenye simu. Ukiiingiza kwenye chuo kimoja, kingine kinakufuta. Usipoiingiza popote, umevikosa vyote.

Baba, Mzee Yohani, hakuomba hata kuona picha. Kumbe jana kwenye mnada wa Karatu aliuza maksai wawili, wale wa kulimia, eti alikuwa na imani na mimi. Pesa inatosha ada ya mwaka wa kwanza ya Bati, na godoro juu. Akasema basi, ni Bati, Mungu ni mwema. Mama akapiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Nikatabasamu kama mtu aliyekubali. Sijakubali!

Jumanne, 9 Septemba.

Nimeshuka Karatu mjini, kwenye steshenari, kuzitoa picha za Vioo kwa rangi. Nani nimemkuta pale? Naeku. Huyu ni wa Endulen, tumesoma naye kidato cha tano na sita, na alikuwa ananizidi kila mtihani kwa ujanja wa kusoma. Naye kachaguliwa vyuo vilevile viwili. Si ajabu, dunia haina haki.

Tayari alikuwa amethibitisha Bati. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kwa utulivu, ule utulivu wake unaokera, kwamba alipiga simu kwa wanafunzi wa kila chuo akawauliza mwaka gani wanaanza kuwaona wagonjwa. Bati ni mwaka wa pili. Vioo ni mwaka wa tatu mwishoni. Nikamwambia wagonjwa nitawaona maisha yangu yote, haraka ya nini? Halafu nikamuuliza kama aliulizia lifti. Hakuulizia! Mtu anachagua chuo cha miaka mitano bila kuulizia lifti.

Akataka kujua Vioo nitalipa na nini. Nikamwambia nina mpango. Kwa kweli wakati ule sikuwa nao, lakini wenye akili hatuanzi na mpango.

Jumatano, 10 Septemba.

Mpango upo!

Shemeji Joseph, mume wa dada Martha, ni dereva wa watalii. Amesema kesho anampeleka Ngorongoro na Serengeti mama mmoja mzee, Mholanzi, na marafiki zake. Mama huyu husaidia wanafunzi. Mwaka juzi alimlipia ada mpagazi aliyembebea begi tu. Begi! Mimi nitabeba mwili mzima wa binadamu.

Ila mtalii gani amewahi kusimama Rhotia kumpiga picha mtoto wa mkulima wa mahindi na ngwara? Sisi Wairaqw tunalima kimya kimya tangu enzi na enzi, hakuna aliyetoa hata kamera. Wanawapenda Wamasai. Nimewaona mara nyingi wale vijana wanaosimama kando ya barabara kule juu, nguo nyeusi, uso umechorwa chaki nyeupe. Kila gari linasimama. Basi nami nitakuwa kijana wa bomani mwenye ndoto ya udaktari. Shuka jekundu ni bei, jeusi ni nafuu, na jeusi lina huzuni zaidi.

Joseph alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamkumbusha kwamba Martha bado hajui alikuwa wapi sikukuu ya Pasaka. Akakubali.

Mzee ameniuliza kama nimethibitisha. Nikasema mtandao unasumbua. Akasema atanisindikiza kesho steshenari. Nikamwambia apumzike, amefanya mengi.

Ijumaa, 12 Septemba. Bomani, karibu na Endulen.

Naandika nyuma ya fomu za kliniki. Daftari langu lipo Serengeti. Nitaeleza.

Jana nilipanda na lori la mahindi mpaka tulipopatana na Joseph. Nikabadili nguo kichakani, nikajichora chaki, nikajiona nimependeza. Landkruza ikafika. Mmasai maskini hawezi kushika begi lenye jinzi na simu kubwa, kwa hiyo nikalisukuma haraka, na daftari hili ndani, chini ya siti ya Joseph kabla wageni hawajashuka. Akili hiyo!

Mama Mholanzi akaja kunisalimia. Joseph akatafsiri. Kumbe ni daktari mstaafu, miaka arobaini hospitalini. Akauliza kwa nini nataka kuwa daktari. Nikamweleza kuhusu vioo, viyoyozi na viti vyekundu. Akauliza tena, labda swali halikueleweka. Nikaongeza lifti. Akauliza kama chuo kingine nilichopata kina hospitali. Nikasema kina hospitali, lakini siwezi kuteseka miaka mitano kwa sababu hiyo. Akaandika barua pepe yangu kwenye kijitabu chake, akasema atatafakari. Joseph alikuwa anatazama milima. Mzungu akisema atatafakari, hapo pesa imeshatoka.

Nikiwa bado na furaha hiyo, gari likaondoka. Na begi. Na simu. Na namba ya siri! Nilikimbia, lakini ndani ya shuka mtu hakimbii, anaruka ruka tu. Wageni walinipungia mkono.

Hapo akatokea mzee mmoja na fimbo yake, anaitwa Mzee Parmuat. Nyuma yake akina mama wanne ambao walikuwa wanacheka tangu mbali. Akanitazama kidevu, akanitazama nguo. Akaniuliza kwa Kiswahili kizuri tu nimetahiriwa lini. Swali gani hilo kumuuliza mtu mzima? Nikasema zamani, kidato cha kwanza. Akina mama wakakaa chini kwa kicheko. Ndipo nikaelezwa. Nguo nyeusi na chaki ni za watoto waliotoka jandoni juzi tu, kidonda hakijapona. Na mimi nina ndevu!

Mzee Parmuat hakucheka hata kidogo. Akasema mtoto wa hali yangu hatembei peke yake njiani, na jua linakwenda, simba wapo. Akanipeleka bomani kwake. Akauliza baba yangu ni nani, ukoo gani, na kwa nini baba huyo amechelewa miaka minane kunipeleka jandoni. Kila swali alilisema kwa heshima tupu. Nimepewa maziwa, nimepewa ngozi ya kulalia, na leo asubuhi nimepewa ndama kumi na mmoja niwaangalie, kwa kuwa kazi ngumu zaidi ingeniumiza. Najua ananikejeli. Ila anavyofanya, huwezi kumshtaki.

Habari zilifika hospitali ya Endulen, ambako Naeku anajitolea kuandikisha kina mama na watoto. Amekuja saa sita hii. Alinitazama, akashika mti, akacheka bila sauti mpaka machozi. Nikampa mgongo. Nilikuwa na ndama wa kufukuzia.

Jumamosi, 13 Septemba. Endulen.

Siku ya mwisho. Mzee Parmuat ameniruhusu baada ya chai. Akaniambia nipone haraka. Wanawake wameanza kucheka upya.

Naeku amenipa suruali ya kaka yake, fupi, na kunipeleka hospitalini. Shangazi yake yupo mapokezi, akaturuhusu tutumie kompyuta foleni ikiisha. Unaweza kuomba namba ya siri mpya ije kwenye barua pepe. Naeku ndiye aliyejua hilo. Hakuna haja ya kulikuza.

Foleni haikuisha mpaka saa nane. Kisha mtandao ukakatika. Nikakaa kwenye benchi na mama mmoja aliyebeba mtoto anayehema kwa shida. Akanishika mkono akiniita daktari, sababu Naeku alimwambia nimechaguliwa udaktari. Nikamwambia bado. Akaendelea kunishika tu. Sikuuondoa, maana benchi lilikuwa finyu.

Saa kumi na dakika ishirini ukurasa umefunguka. Majina mawili, moja juu ya lingine. Naeku akaweka kidole kwenye Bati. Akasema baba yangu ameuza maksai. Nilijua ameuza maksai! Nilikuwepo wakati wa vigelegele. Lakini yeye hajui nilivyoongea na Mholanzi, hajui alivyoandika barua pepe yangu kwa herufi kubwa.

Nikabonyeza Vioo.

Naeku akaondoa kidole. Akanipa nauli, akarudi kwa yule mama mwenye mtoto.

Jumatatu, 15 Septemba. Rhotia.

Joseph amerudi na begi. Kwenye simu kuna barua pepe ya mama Mholanzi! Anashukuru kwa mazungumzo. Anasema hamlipii mtu ada ambaye hajui anachotaka kufanya na wagonjwa. Ananishauri kwa moyo mweupe nichague chuo chenye hospitali, niwaone wagonjwa mapema. Ananitakia uponyaji mwema. Joseph kumbe alimweleza maana ya nguo nyeusi.

Miaka arobaini hospitalini na hakuna alichojifunza kuhusu majengo.

Nimemwambia Mzee ukweli, maana fomu ya malipo imekuja na ameisoma mwenyewe kwa kidole, tarakimu moja moja. Nilitegemea makelele. Hakupiga makelele. Akauliza kama hiyo sifuri ya mwisho ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaikunja fomu, akaenda kukagua zizi, ambalo halina kitu. Mama amepika ugali bila kuniangalia. Nyumba hii haijui kusherehekea.

Jumatano, 17 Septemba.

Ujumbe wa Naeku. Dirisha la pili la maombi limefunguliwa, Bati wana nafasi tatu zimebaki. Naweza kujifuta Vioo na kuomba tena, mwisho Jumapili usiku. Amepiga simu mpaka ofisini kwao, wamesema alama zangu zinatosha kabisa. Ameandika tafadhali mara mbili.

Nimefikiria sana, karibu nusu saa. Chuo kizuri hakibakiwi na nafasi. Mkate mzuri huisha asubuhi. Nimemjibu nashukuru, ila nina miadi na Vioo. Nimewaandikia wanipunguzie ada kwa kuwa nitawapendezeshea mandhari.

Mzee alikuwa mlangoni nilipokuwa namsomea Mama ujumbe wa Naeku. Sikumwona akiondoka.

Ijumaa, 19 Septemba.

Vioo wamejibu. Mstari mmoja. Ada hulipwa yote kabla ya kuripoti.

Watajuta. Nimepata wazo jipya, kubwa kuliko yote. Nani katika kata hii amepitia mambo ya kuchagua chuo kama mimi? Hakuna. Elimu hii haipaswi kulala.

Jumapili, 21 Septemba.

Nimefungua ofisi! Baada ya misa nimeweka meza nje ya duka la Mama Lukresia, viti viwili, na karatasi yenye herufi kubwa: USHAURI WA KUCHAGUA CHUO, UZOEFU UPO. Dirisha linafungwa leo usiku, nilijua watajaa. Kwa muda wa saa tatu nzima hakuja mtu. Mama Lukresia aliomba kiti kimoja akaanikie dagaa. Watu wa Rhotia hawathamini utaalamu.

Saa nane mteja wa kwanza akafika. Mzee mwenyewe! Koti la kanisani, kofia mkononi. Akakaa kwenye kiti cha mteja akaniita Mshauri. Nimefarijika sana. Hatimaye ananiheshimu.

Akasema ana swali. Kuna kijana kachaguliwa vyuo viwili. Kimoja baba yake anakiweza, kingine hakiwezi hata akiuza shamba na nyumba. Kijana akakimbilia hicho kisichowezekana. Sasa leo, mpaka usiku, bado ana nafasi ya kujifuta na kuomba kile kinachowezekana. Baba hajagusa pesa, anayo mfukoni, hajasema neno kwa sababu anataka kijana aje mwenyewe. Je, kijana afanye nini? Akafuta macho kwa kofia. Leo kuna vumbi jingi.

Nikamjibu kitaalamu. Nikamwambia kijana huyo ana msimamo, asiyumbishwe. Asubiri mwaka mmoja au miwili, mfadhili atatokea. Tatizo hapo ni baba. Wazazi wa namna hiyo, wanaotembea na vijisenti mfukoni wakidhani wamemaliza, ndio wanaowarudisha vijana nyuma.

Mzee akauliza kama huo ndio ushauri wangu wa mwisho. Nikasema wa mwisho kabisa. Kisha akatoa bahasha kwenye koti, akachomoa elfu moja akaniwekea mezani, nami sikuwa hata nimemtajia bei. Akasema amepata jibu. Akavaa kofia, akateremka njia ya Daa, ambako nasikia kuna mtu anauza ng'ombe, mtamba wa maziwa.

Mteja wa kwanza, kaondoka na jibu kamili, kalipa taslimu! Nimesahau kitu kimoja tu, kumuuliza huyo kijana ni mtoto wa nani. Ningemtafuta tusubiri wote.