Vigelegele Viwili Vilivyobaki

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Ifahamike kwa raia wote wa Tetu, wa Nyeri mjini na wa nchi nzima kwa jumla, kwamba leo asubuhi, baada ya kikombe cha pili cha chai, mimi Gatimu nimejiteua Meneja Mkuu wa Sauti wa Kikundi cha Mabati. Uteuzi umepita bila kupingwa. Nilikuwa peke yangu zizini. Kikundi chenyewe bado hakijaarifiwa.

Kikundi cha Mabati ni kina mama wa hapa kwetu. Huchanga, wakanunua mabati, wakaezekeana nyumba, leo ya huyu, kesho ya yule, wakiimba huku mabati yako kichwani. Mke wangu Kagure ni mmoja wao. Jumamosi wanakwenda Nairobi! Bi. Gaudencia, afisa wa maendeleo ya jamii, mama wa kutoka magharibi anayetembea haraka kuliko pikipiki, amewapatia nafasi kwenye Sikukuu ya Wanawake. Nyimbo, michoro, viondo, majadiliano. Mada: je, mwanamke anaweza kuwa na shamba kwa jina lake? Tangu mada itangazwe, wanaume kadhaa wa hapa wanaumwa tumbo.

Mimi siumwi. Mimi niko na kipaza sauti. Spika moja yenye mdomo mpana kama tarumbeta, amplifaya inayonguruma hata ikizimwa, na betri ya lori. Nimehudumia harusi, baraza za chifu na maziko. Nairobi itashukuru.

Kikwazo ni kimoja: Mwalimu Kioko. Mkamba, tai kila siku, hata siku ya kuchota maji. Ana akodioni, na kina mama wamemwomba awapangie sauti. Juzi alisema jambo, Kagure akacheka. Hakuwa amecheka tangu Aprili mwaka jana, tulipomzika binti yetu Ngendo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Homa tu, halafu basi.

Ningepaswa kufurahi. Lakini kwa nini acheke kwa Kioko? Mimi nimejaribu mwaka mzima. Nimetumbukia hata kwenye shimo la mbolea. Sikukusudia, ila nilipokuwa humo ndani nilitumaini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejiarifu kwa kikundi. Kikundi hakikuarifika.

Wanafanyia mazoezi kwa mwenyekiti wao, Watiri, kwenye nyumba ambayo haijapata milango. Niliingia na spika begani. Nikaeleza faida za kisasa. Watiri alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza mvua, kisha akaniambia wao waliitana kilima hata kilima kabla betri haijazaliwa. Nikakaribishwa uji. Nikaonyeshwa njia.

Si hilo lililoniuma. Nilipokuwa nakaribia, walikuwa wakiimba wimbo nisioujua. Mmoja alikuwa anagonga kipande cha bati taratibu, kama matone ya kwanza juu ya paa. Nilipotokea, wimbo ukakatika. Kagure akatazama chini.

Mimi si mtoto. Nyimbo za kikundi hiki zinajulikana. Ziliwahi kumwimba jirani yangu Ngatia na chupa yake, akaacha kupita barabara kuu kwa miezi. Ziliwahi kumwimba mzee mmoja wa kanisa na kuku wa watu. Sasa zamu ni yangu. Nitaimbwa Nairobi! Mbele ya wageni, kwa sauti nne, zilizopangwa na Kioko!

Lazima niusikie kabla ya Jumamosi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango ulikuwa mzuri. Narudia: mpango ulikuwa mzuri.

Nyumba ya Watiri imepakana na zizi la Ngatia. Nilificha maiki kwenye ua, kando ya dirisha, nikaifunika kwa mabua ya mahindi. Waya nikaupitisha chini ya migomba hadi kwangu. Ningekaa jikoni, nivae vile vipokea sauti vya masikioni, nisikie kila neno bila mtu kujua.

Nilisahau mambo mawili. La kwanza, spika ilikuwa bado imeunganishwa, juu ya paa, nilikoirudisha jana jioni. La pili, ng'ombe wa Ngatia hupenda mabua.

Basi Tetu yote, kuanzia kwa chifu hadi mashamba ya chai ya upande wa juu, ilisikia ng'ombe akitafuna. Akatafuna kwa muda mrefu. Akatulia. Akatoa pumzi. Akacheua, akaanza upya. Mimi, masikio yamefunikwa, nikafikiri ni wimbo mpya wa kisasa. Mama mmoja, nasikia, alipiga magoti barabarani.

Chifu ametuma askari kuuliza kama lile lilikuwa tangazo rasmi.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo Tetu yote inanicheka. Sawa. Kagure peke yake hakucheka.

Jioni, maziwa yakiwa motoni, akavuta kigoda, akakiweka karibu na jiko. Kagure haniiti jina siku hizi. Zamani nilikuwa Baba Ngendo, na yeye Mama Ngendo. Tangu maziko watu wameona aibu kulitamka, wakaanza kuniita Mzee wa Kipaza. Yeye hakuanza chochote. Husema tu, chai iko tayari.

Akasema, "Huo wimbo unaoutafuta mpaka kwa ng'ombe. Keti nikuimbie."

Nikamwambia ngoja kidogo. Mate ya ng'ombe yalikuwa yameingia kwenye maiki, yakikauka humo yanaleta kutu. Hilo ni jambo la kitaalamu. Nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa. Nikapangusa vizuri.

Alingoja. Maziwa yakapanda, akayatoa. Akanitazama mikono.

"Hata siku ile ulikuwa na waya mkononi," akasema. Akaenda kuchagua maharagwe.

Siku ile mtu alipaswa kushughulikia kipaza. Mchungaji asingesikika. Watu walikuwa wengi, na upepo ulikuwa unatoka mlimani. Nani mwingine angeshika waya?

Maiki sasa ni safi sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwendea adui kambini kwake. Mwalimu Kioko alikuwa anasahihisha madaftari, tai shingoni. Nikamwambia najua kila kitu. Sikujua chochote, lakini mbinu hii hufanya kazi kwa watu wadogo.

Akaniambia yeye haendi Nairobi. Kina mama walimwambia wazi, asante mwalimu, mwisho wako ni hapa. Nikafurahi kidogo. Nikamtaka basi anieleze huo wimbo unanisema vipi. Unasema mimi mvivu? Unasema shimo la mbolea?

Kioko akavua miwani. "Mzee, huo wimbo haukutaji. Hata mara moja."

Hata mara moja! Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mmoja. Kuku wa mzee wa kanisa wametajwa. Nikauliza, sasa unamsema nani? Akakunja karatasi moja, akaikunjua, akaniambia nikamuulize mama nyumbani. Sauti yake ilikuwa ya upole mno. Sikuipenda. Watu huongea hivyo wakiwa wamekuja matangani na blanketi na kahawa.

Nimeshajua wimbo unamsema nani. Nadhani nilijua tangu lile bati. Siandiki.

Ngatia anapeleka kabeji Nairobi alfajiri. Nitakaa juu ya kabeji, mimi na mitambo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi mkubwa! Nairobi imempokea Gatimu. Mitambo yangu iliwekwa mahali pa heshima, na wageni walisimama kuitazama. Nilipewa kazi muhimu ndani ya ukumbi. Wimbo niliusikia wote. Sauti ilikuwa nzuri, ila juu kidogo. Nimechoka, naandika kwa ufupi.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna anayesoma shajara hii isipokuwa mimi, na mimi nilikuwepo. Kwa hiyo niseme yaliyotokea.

Mlangoni kulikuwa na mama amesimama kama nguzo ya stima. Akasema asubuhi ni ya wanawake pekee, wanaume wataingia mchana kwa majadiliano, wakitaka. Nikamwonyesha spika. Akaniambia ukumbi una zake. Zilikuwa nne, ndogo, hazingurumi.

Bi. Gaudencia akanikuta kwenye ngazi nimekumbatia betri. Sijui alionaje. Hakunigombeza. Akasema jikoni kuna gunia la viazi na mikono haitoshi, kama sitaona haya. Nikafungwa leso kiunoni, yenye maua. Nikapewa kisu. Hiyo ndiyo kazi muhimu ndani ya ukumbi.

Spika? Binti mmoja mchoraji aliiomba, akaiweka kwenye meza ya maonyesho, kati ya viondo na picha ya mwanamke aliyebeba kuni. Akaweka kadi chini yake: KIMYA. Watu walisimama hapo kuliko penye picha. Wengine walitikisa kichwa. Mimi ninaijua ile spika, imeungwa kwa waya wa kufungia ng'ombe, lakini nilipoipita na ndoo ya maganda, hata mimi nikasimama.

Kati ya jikoni na ukumbi kuna kidirisha cha kupitishia sahani. Kilikuwa kimefungwa kwa mbao. Nilisikia wa kutoka Nyanza wakipiga makofi, wa pwani wakikariri mashairi. Halafu nikasikia bati. Matone ya kwanza juu ya paa. Nikaacha kumenya.

Ni Kagure peke yake aliyeanza. Alikuwa anaimba kwa Kikuyu, na polepole, kiasi kwamba hata mtu aliye nyuma ya mbao asingekosa neno.

Wimbo wasema hivi. Mtoto wa kiume akizaliwa, wanawake humpigia vigelegele vitano. Wa kike, vitatu. Ngendo wangu alipozaliwa walipiga vitatu, wakanyamaza. Vile viwili nikavimeza. Nikasema nitavitoa siku atakaposoma. Nikasema siku atakapopata kazi. Nikasema siku ya posa yake, nisimame mlangoni niwashangaze wote. Nimevibeba kooni, mwanangu, na mvua ikaja. Sasa nivipeleke wapi?

Basi. Anauliza hivyo mara tatu, na bati linagongwa. Nivipeleke wapi?

Siku alipozaliwa mimi nilikuwa nje, chini ya ukingo wa paa. Nilivihesabu mwenyewe.

Kisha nikasikia Watiri akianza, na kina mama wetu wakafuata, na wa Nyanza, na wa pwani, na wengine wasiojua hata neno moja la Kikuyu. Kigelegele kimoja, kirefu. Halafu cha pili. Sufuria zilitetemeka kwenye rafu. Mwanamume hapigi vigelegele. Nilifungua mdomo hata hivyo. Hakikutoka kitu.

Kagure alikuja jikoni kunywa maji, akanikuta pale na leso yangu ya maua na uso umelowa. Nikamwambia ni vitunguu. Akatazama gunia. Hakukuwa na kitunguu nyumba nzima.

Akachukua kisu cha pili, akaketi kando yangu, tukamenya vile viazi vyote.

Mchana wanaume waliingia kwa majadiliano. Tulikuwa sita. Nilisema naunga mkono mama kuwa na shamba kwa jina lake, mradi kuwe na njia ya kupitisha waya. Nilipigiwa makofi ya huruma.

Leo, tukitoka kanisani, Kagure alinishika mkono wa koti mbele ya watu.

"Baba Ngendo," akasema. "Jana uliusikia kupitia mbao. Leo jioni keti nikuimbie vizuri."

Baba Ngendo! Mbele ya Ngatia, mbele ya Kioko na tai yake. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa moyo wangu wote. Tulipofika nyumbani alikiweka kigoda karibu na jiko, akakipangusa.

Ila Mutahi wa Sagana alikuwa ametuma habari kwamba amepata amplifaya kutoka Doldol, iliyotumika kwenye mnada wa ng'ombe, na spika mbili. Mbili! Nikapiga hesabu. Wimbo kama ule usiimbwe jikoni, asikie mtu mmoja. Kwa spika mbili juu ya paa, ungefika mpaka kwa mlima wenyewe. Ningeleta mitambo, niifunge, niketi, yeye aimbe. Nilimwambia narudi kabla maziwa hayajachemka. Aliniangalia mikono. Akasema, haya.

Naandika haya Sagana, nimekalia debe dukani kwa Mutahi. Anasema betri haina moto, lazima ichajiwe kwanza. Jua limeshafika ng'ambo ya mto. Lakini kigoda kiko palepale karibu na jiko, kigoda hakiendi popote, na wimbo uliongoja miaka yote hiyo hautashindwa kungoja jioni moja.

Mutahi ameshika chaki. Anauliza aandike jina gani kwenye sanduku, mizigo isije ikachanganyika.

Nimemwambia aandike Baba Ngendo.