Tende Ndani ya Baragumu

Alhamisi, 3 Tishri

Siku mbili za Mwaka Mpya wetu Wayahudi, mwanzo wa mwezi wa Tishri, zimepita sijaandika kitu. Kuandika sikukuu ni mwiko, na mimi ni mtu wa dini. Leo tena ni saumu ya Gedalia, yule liwali aliyeuawa zamani. Njaa inauma, lakini moyo unacheka. Baragumu ni langu!

Kwa kumbukumbu zangu tu. Mzee Amram Ohayon amepuliza baragumu katika sinagogi letu tangu mimi sijaoa. Kila mwaka yeye. Kila mwaka watu wanalia, halafu wanapanga foleni wampe mkono. Mimi, Makhluf Dadon, fundi wa friji, mwenye mapafu ya ng'ombe, naketi nyuma karibu na choo. Kwa hiyo mkesha wa sikukuu nilifungua kabati la sinagogi nikasokomeza tende moja ndani ya pembe yake. Tende laini, haina kokwa. Sikutaka makubwa. Nilitaka sauti ikwaruze kidogo tu, watu waseme mzee amechoka, apumzike.

Haikukwaruza. Haikutoka kabisa! Mzee akapuliza, akapuliza, mashavu yakajaa, mishipa ikamtoka shingoni. Kimya. Sinagogi zima limesimama linangoja. Mwisho akaliweka chini akaenda kukaa. Rabi Mimon akaangaza macho huku na huku. Mimi, kwa bahati nzuri, nilikuwa na langu chini ya kiti. Zohara mke wangu anasema nilitoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Hajui muziki.

Jana usiku sikukuu ilipotoka niliichokoa ile tende kwa waya. Ushahidi hakuna. Na Rabi ameshatamka: Siku ya Upatanisho, saumu ikiisha, atakayepuliza ni mimi. Mzee mwenyewe hata pembe hataki kuigusa.

Ijumaa, 4 Tishri

Mambo yameharibika. Mama Freha, mke wa Mzee Amram, amemwambia Zohara sokoni kwamba mzee hali. Amelala anatazama ukuta. Anasema tatizo si mapafu, ni mbingu zimemziba. Mwaka Mpya ndio siku ya hukumu, vitabu vimefunguliwa, nani ataishi nani atakufa, naye amepewa jibu lake mbele ya watu wote: jina lake halimo. Mwaka huu hataumaliza. Ametoa sanda yake sandukuni, ameitundika ipate hewa.

Sanda! Kwa tende moja!

Zohara alikuwa akinieleza huku kanikazia macho. Ananijua huyu mwanamke. Nikajitia kutengeneza friji. Friji yetu haina ubovu wowote.

Jumapili, 6 Tishri

Jana Sabato Rabi Mimon alihubiri, na kila neno lilikuja kuketi karibu na choo. Siku ya Upatanisho, alisema, inafuta makosa ya mtu kwa Mungu wake. Makosa ya mtu kwa mwenzake haifuti, hata ukifunga mpaka uzimie, mpaka uende kwa mwenyewe umwombe msamaha. Maana yake jua la Jumatano likizama sijasamehewa, hata jina langu halimo! Naogopa. Naandika ukweli, naogopa sana.

Lakini kila nyumba ina mlango wa nyuma. Rabi aliendelea: ukimwomba mtu msamaha mara tatu, mbele ya mashahidi watatu, naye akakataa mara zote, basi wewe umetoka. Mzigo ni wake.

Kazi nyepesi. Namwomba msamaha, sisemi wa nini. Mzee Amram ni mkali kuliko pilipili, anakataa mara tatu, narudi nyumbani mweupe kama pamba na baragumu langu mkononi. Sijui kwa nini watu husema sina akili.

Jumatatu, 7 Tishri

Nimekwenda na mashahidi wangu. Mzee yuko kitandani, amekonda, ndevu hazijachanwa. Ili apate hasira ya kukataa vizuri, nimeketi kwenye kiti chake bila kukaribishwa na kula lozi zake. Kisha nikamwomba anisamehe.

Akanisamehe! Papo hapo! Akasema ananisamehe yote, niliyotenda najua na niliyotenda sijui. Nikamwambia asiharakishe, afikiri kwanza. Akasema amekwisha kufikiri. Nikachukua lozi nyingine. Akanisogezea bakuli.

Halafu likaja balaa lenyewe. Akanishika mkono, machozi yanamlenga, akaniomba *mimi* nimsamehe *yeye*. Eti ndiyo sababu mbingu zimemziba pumzi. Aliwahi kumwambia Rabi kwamba Makhluf akipuliza baragumu, Shetani hatakimbia, atakuja mbio kuona nani anachinjwa. Mashahidi wakakohoa kuficha kicheko.

Nimemsamehe. Kwa ukarimu mkubwa. Nilipofika nje nikaitupa lozi iliyobaki mkononi.

Jumanne, 8 Tishri

Nimemwendea Rabi Mimon na swali la rafiki yangu mmoja. Mtu akisamehewa yote bila kutaja kosa, si amesamehewa? Rabi akauliza kama aliyekosewa, angelijua kosa lenyewe, angelisamehe kwa wepesi ule ule. Nikasema rafiki ana wasiwasi. Basi alitaje, akasema, tena mapema. Nilipofika mlangoni akaniambia nimsalimie rafiki, na nimkumbushe kuwa jua halimsubiri mtu.

Nikilitaja, kwaheri baragumu. Na mtaa mzima utajua. Nisipolitaja, kwaheri Makhluf.

Nimezunguka meza mpaka Zohara akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ndipo ikanijia. Kutaja ni kutaja! Hakuna aliyesema ni lazima mwenyewe asikie. Mzee sikio lake la kushoto lilikufa zamani, na la kulia linasikia kwa mashine. Kesho alfajiri wanaleta kuku wa kafara uchochoroni. Kwa makelele yale, hata malaika hasikii.

Jumatano, 9 Tishri, asubuhi

Matenga juu ya matenga. Manyoya, vilio, mchinjaji anapaza sauti watu wasisukumane. Kila mtu anamzungusha kuku wake juu ya kichwa: huyu badala yangu, huyu kafara yangu, huyu aende kufa na mimi niende kuishi. Mzee Amram ameletwa akishikiliwa na Mama Freha, wamemkalisha kwenye kiti, kuku mweupe mapajani.

Nikasogea kushoto. Nikakiri yote, kabati, tende, waya. Polepole na kwa ufasaha, sikuacha kitu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nimetoka!

Nageuka, Zohara yuko nyuma yangu. Masikio yake yote mawili ni mazima.

"Baba Yakut," akasema, "hiyo tende uliitoa kwenye sahani yangu ya sikukuu?"

Nikasema ndiyo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema tu nimtazame mzee. Nikatazama. Mzee alikuwa amefungua mikono, kuku amekwisha kushuka, anazurura zake kwenye miguu ya watu. Mama Freha anambembeleza amshike tena. Akamjibu kwamba haina haja, kwa nini kuku wa watu amfie mtu aliyekwisha kufa?

Jumatano, jioni inakaribia

Naandika haraka. Mlo wa mwisho uko mezani, sijaugusa. Zohara amevaa nguo nyeupe. Jua liko juu ya matangi ya maji kwenye paa la jirani. Baragumu langu nimelipaka mafuta, linang'aa. Mara moja tu! Nimengoja miaka yote hii nipulize mara moja tu mbele ya watu.

Siendi. Msamaha wa Jumatatu unatosha.

Jua limegusa matangi.

Sanda bado imetundikwa dirishani kwao. Naiona toka hapa. Naenda.

Alhamisi, 10 Tishri, saumu imekwisha

Nilimkuta Mama Freha ameshika kijiko cha supu, na mzee kafumba mdomo. Saumu ya siku nzima mbele yake na tumbo tupu! Nikamwomba avae mashine yake. Nikasimama kulia. Nikasema, Mzee, ni mimi. Niliweka tende ndani ya pembe yako.

Akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza tende ya namna gani. Nikasema laini, haina kokwa. Nikafumba macho ningoje fimbo.

Nikasikia kitanda kinatikisika. Anacheka! Mzee anacheka mpaka anakohoa, anapiga godoro kwa ngumi.

"Freha! Freha! Kumbe si Mungu! Ni Makhluf tu!"

Akanivuta akanibusu kwenye paji la uso. Akaniita punda, mwana wa punda, akaniambia nimesamehewa kabisa, na safari hii anajua ni kwa ajili ya nini. Akaomba supu. Akaomba kuku. Akaomba mkate wote. Mama Freha analia huku anaitoa sanda dirishani. Na mimi nililia, sioni haya kuandika. Tumekula sahani moja mpaka jua likatufukuza mezani.

Kwa furaha yake, bila shaka, alimsimulia kila aliyekutana naye njiani. Tulipoingia sinagogini usiku wa Upatanisho, hakuna asiyejua. Saumu nzima wamenitazama. Leo mwisho wa saumu, milango ya mbinguni ilipokaribia kufungwa, Rabi hakuniangalia hata mara moja. Mzee Amram akasimama, akaweka pembe mdomoni, akatoa pumzi moja ndefu, ndefu, madirisha yakatetemeka, watoto wakaacha kusukumana. Kisha watu wakapitisha vitafunio vya kufungulia. Kila mmoja, kila mmoja, alinipa tende!

Sasa niko nyumbani, mweupe kama pamba. Nimekwisha kupigilia msumari wa kwanza wa kibanda cha matawi cha sikukuu ijayo, Sikukuu ya Vibanda, kama desturi. Ng'ambo ya uchochoro Mzee Amram naye anagonga chake. Kibanda chake ndicho kinachosifiwa kila mwaka: matawi mabichi, makomamanga yananing'inia, watu wanatoka mitaa mingine kuja kukitazama. Changu hakuna anayekiona.

Sasa, kibanda ni lazima kiwe chini ya mbingu wazi. Kikiwa chini ya mti, hakifai, na Rabi mwenyewe atasema hivyo. Na mzabibu wangu umetambaa mpaka juu ya ukuta. Ukivutwa kwa kamba kidogo tu, kidogo, utafunika paa lake lote, na kila mtu atadhani ni upepo.

Lakini safari hii sirudii kosa. Nimevuka uchochoro sasa hivi nikamwomba Mzee Amram msamaha wa mwaka mpya, mapema. Nimeutaja mzabibu, nimeitaja na kamba. Akaitikia kwa kichwa, akanipa tende.

Nilisimama kushoto.